Daraja la Mto Mpanga kwa LEGO: boriti inalegea katikati, nifanyeje?

Mdau_Makambako

Kamwene wakuu. Nabuni daraja la TAZARA (reli ya Tanzania–Zambia) la Mto Mpanga, lile la kipande cha Mlimba–Makambako, liwe pambo la sebuleni. La kweli lina urefu wa mita 160 na nguzo tatu za mita 50. Rafu ni sm 120 kwa 40. Boriti ya majaribio ni mabapa (vile vipande vyembamba vya LEGO) ya vinundu 2x8, safu tatu, na kati ya nguzo na nguzo imeshuka kama mm 5 ndani ya wiki mbili. Naomba msaada kwenye mambo matatu: skeli (nilitaka kutumia reli zenyewe za LEGO), boriti isiyolegea bila gundi, na namna ya kuzuia jua la dirishani pamoja na vumbi la kiangazi. Nachora kwa Studio, programu ya kompyuta ya kubuni LEGO.

Kipengere

Mkuu, reli za LEGO ziache. Nafasi kati ya reli mbili ni kama mm 37.5, na reli ya TAZARA ina upana wa mm 1,067. Ukigawanya unapata 1:28. Kwa skeli hiyo daraja linakuwa na urefu wa m 5.6 na nguzo m 1.75, yaani kimo cha mtu mzima. Hapo utahitaji ukumbi, siyo rafu.

Kwa sm 120 skeli yako ni 1:150. Mita 160 inakuwa sm 107, sawa na vinundu 133 (vile vidoti vya juu ya tofali; kinundu kimoja hadi kingine ni mm 8). Punguza iwe 128, maana 128 inagawanyika kwa 16 na kwa 32, na hakuna mgeni atakayeona vinundu vitano vimepungua. Nguzo ziweke kwenye kinundu cha 32, 64 na 96, upate nafasi nne zilizo sawa. Kimo cha mita 50 ni sm 33, yaani matofali 35 (tofali moja ni mm 9.6). Chini weka mabamba matatu ya 48x48: jumla vinundu 144, hivyo kila upande unabaki na vinundu 8 vya kingo mwishoni mwa boriti.

Sasa boriti. Mabapa matatu ni unene wa mm 9.6 tu, na kila kiungo kinashikwa na msuguano wa vinundu peke yake. Plastiki ya ABS, ndiyo ya LEGO, ikibebeshwa uzito muda mrefu hutambaa kidogo kidogo hata kama siku ya kwanza ilinyooka. Dawa ni kina. Kina kikiwa mara mbili, ukakamavu unapanda mara nane.

Tumia tofali za Technic zenye matundu, 1x16 (namba 3703). Jenga mbavu mbili sambamba, kila ubavu hivi:

Chini: 1x16 nane mfululizo.
Katikati: safu mbili za mabapa 1x8. Safu ya pili ianze na bapa la 1x4 ili viungo visikutane.
Juu: anza na Technic 1x8 (3702), kisha 1x16 saba, malizia na 1x8.

Kwa nini mabapa mawili? Tofali mm 9.6 na mabapa mawili mm 6.4 ni mm 16 kamili, yaani vinundu 2. Kwa hiyo matundu ya juu na ya chini yanaachana kwa mm 16, na mkono wa Technic wenye matundu 3 (32523) unaingia wima bila kulazimishwa. Ukiweka bapa moja au matatu, hauingii. Funga mkono mmoja kila baada ya vinundu 8, ila anzia kinundu cha 4: yaani 4, 12, 20 hadi 124. Usianzie 8. Kwenye 8 kuna kiungo cha tofali za juu, kwenye 16 kuna kiungo cha chini, na penye kiungo hakuna tundu. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshaagiza vifaa.

Hesabu ya mbavu zote mbili: 1x16 vipande 30, 1x8 za Technic 4, mabapa 1x8 vipande 62, mabapa 1x4 vipande 4, mikono 32, pini nyeusi za msuguano (2780) 64. Ziunganishe juu kwa mabapa yenye upana wa vinundu 4, na hapo umepata sakafu ya reli.

Fundi_Mafinga

Hesabu ya Kipengere iko sawa. Naongezea nguzo, maana boriti ngumu juu ya nguzo inayoyumba haina faida.

Nguzo ya 4x4 yenye kimo cha sm 33.6 ni nyembamba. Usiijaze. Kila safu weka tofali nne za 1x3 (3622) zikizungushana kama pangaboi, katikati panabaki tundu la 2x2. Safu inayofuata zungusha kinyume. Nguzo moja inakula vipande 140, zote tatu 420. Kisha pitisha ufito wa mbao wa mm 12 kwenye lile tundu (lina mm 16) na uufunge kwa skrubu kutokea chini ya ubao. Mbao ya msindano ya huku Mufindi inatosha, ila iwe imekauka. Mbichi itajikunja, na nguzo itaifuata.

Ubao wa chini uwe plaiwudi ya mm 18. Mabamba ya LEGO yenyewe ni laini, ukiyabeba mikono mitupu yanapinda na viungo vya mlima wa mandhari vinaachia.

Kipengere

Ufito ni njia ya mkato, Fundi. Nguzo inasimama kwa vitofali vitupu: isimamishe juu ya bapa la 8x8, izungushie pete ya tofali safu tatu, ifukie chini ya udongo wa mandhari. Kwenye meza ya maonyesho watu huinama kuangalia kama kuna mbao.

Fundi_Mafinga

Kwenye meza ya maonyesho sawa. Huyu anaweka sebuleni Makambako, malori yanapita mchana na usiku. Nami ningeshikiza rafu ukutani kwa skrubu. Ukanda huu uko kwenye bonde la ufa, mitikisiko midogo siyo habari mpya.

Mdau_Makambako

Nimewapata. Treni je? Na rangi ya nguzo?

Ndaga_Uyole

Treni ya 1:150 ina upana wa vinundu 2. Behewa la mita 20 ni vinundu 16 au 17. Magurudumu ni mabapa ya duara ya 1x1 meusi chini ya bapa; hayazunguki, na kwa ukubwa huo si lazima yazunguke.

Nguzo weka kijivu hafifu. Kabla ya kuagiza angalia Studio isije ikawa imekuruhusu rangi ambayo kipande hicho hakikuwahi kutolewa. Huwa inatoa onyo ila ni rahisi kulipita. Milima epuka kahawia ya wekundu iliyotumika ya miaka ya nyuma, inavunjika ukiibandua. Ndani ya mlima jaza rangi yoyote ya bei rahisi, hakuna anayeona.

Orodha ya vipande itoe Studio uipeleke BrickLink (soko la mtandaoni la vipande vya LEGO) kama ilivyo, na ongeza asilimia 5 ya vipande vidogo. Tafuta muuzaji mmoja au wawili wenye karibu vyote, hata kama kipande kimoja kimoja ni ghali kidogo. Wauzaji sita ni vifurushi sita, nauli sita na safari sita za forodha. Hakikisha kwanza kama anatuma Tanzania.

Jua: huku juu miale ya urujuanimno ni mikali kuliko pwani, na nyeupe na kijivu ndizo zinazogeuka njano kwanza. Kioo cha kawaida hakizuii yote. Hamisha rafu ukuta ambao jua haliugusi, hiyo ni bora kuliko filamu yoyote ya dirishani.

Vumbi: fundi alumini akutengenezee boksi la kioo cha mm 5, lisilo na sakafu, linaloshuka juu ya plaiwudi. Ukingo wa chini bandika sponji ya mlango. Mwambie aache sm 5 kila upande, la sivyo siku ya kulinyanyua litaondoka na treni. Kama daraja limewekwa wazi bila boksi, tumia brashi laini ya kupakia poda, kavu. Kitambaa chenye maji kinageuza vumbi jekundu kuwa tope kati ya vinundu. Vipande vilivyochafuka sana vioshe kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, uvianike kivulini.

Mdau_Makambako

Ndaga fijo. Naanza na nafasi moja ya vinundu 32, naiwekea kilo moja katikati kwa wiki mbili. Isiposhuka ndipo naagiza zilizobaki.

Kipengere

Kilo moja ni nyingi kuliko itakayobeba. Weka gramu 300, na pima kwa uzi ulionyooshwa kutoka nguzo hadi nguzo. Jicho litakudanganya.