Toyota waliuza Prius tangu 1997, mbona gari lao la umeme mtupu hatulioni?

Binti wa Goba

Wakuu, heshima kwenu. Vitz yangu ya 2008 imechoka, na kila siku ya kazi ni Goba–Posta, Posta–Goba. Nataka kuagiza nyingine Japani, ila safari hii natamani la umeme kabisa, nichaji usiku nyumbani nisahau habari za sheli. Sasa nikiingia kwenye mitandao ya wauzaji, la umeme la saizi ya mfuko wangu ni Nissan Leaf tu. Leaf, Leaf, Leaf. Kwa Toyota haibridi (zenye injini na motor ya umeme pamoja) zimejaa tele, Aqua, Prius, Sienta, lakini umeme mtupu hamna. Na hawa ndio waliouza Prius 1997, hata Tesla haijaanzishwa! Walilala wapi? Nisubiri ya kwao au nichukue hiyo Leaf?

Fundi Tabata

Dada, wale wako macho kuliko sisi. Waliangalia pesa inatokea wapi, wakabaki hapohapo.

Mimi haibridi ndizo zinanilisha. Nafungua betri ya Aqua, natoa seli zilizokufa, naweka nzima, gari linaondoka. Ila ukilala chini ya ile Aqua unaona bado kuna injini, rejeta, ekzosi, oili ya kumwaga. Kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya injini kinaendelea kula. Gari la umeme linafuta vyote hivyo, halafu kitu cha gharama kuliko vyote, betri, mara nyingi unakinunua kwa mwingine. BYD, wale Wachina, walikuja na njia ya kinyume: walianza Shenzhen mwaka 1995 wakiunda betri, magari yakafuata baadaye, na Machi 2022 wakaacha kabisa kutengeneza gari la petroli tupu.

Toyota wana hoja yao: madini ya betri ya gari moja la umeme yanatosha haibridi 6 za kuchomeka kwenye soketi, au haibridi za kawaida 90. Hesabu siipingi. Ila inamfaa mno anayeuza haibridi, na wewe unajua muuza nyanya hawezi kukwambia leo pika bila nyanya.

Na walipojaribu? bZ4X, gari lao la umeme mtupu, imetoka 2022, haijamaliza hata miezi miwili sokoni wakaiita irudi kwa sababu boliti za tairi zinaweza kulegea na tairi kuchomoka. Toyota! Boliti za tairi! Kazi ya dogo wa wiki ya kwanza gereji. Volkswagen nao, gari lao la umeme ID.3 la 2020 lilichelewa, programu za kompyuta zimewashinda. Ford wakaamua kutenga hesabu za magari ya umeme peke yake, mwaka 2023 zikaonyesha hasara ya dola bilioni 4.7, pikapu za mafuta ndizo zikaziba. Bosi gani hapo atakimbia mbio?

Sasa sisi wa Dar tunapanda alichopanda Mjapani miaka minane, kumi iliyopita. Kule mpaka leo katika kila magari mapya 100 yanayouzwa, yale ya umeme mtupu hata 5 hayafiki. Ambacho yeye hakununua wakati ule, wewe leo utakiagiza kutoka wapi?

Gesi Kwanza

Magari ya umeme kwa TANESCO hii? Mimi IST yangu nimefunga mtungi wa gesi, kilo moja bei yake ni kama nusu ya lita ya petroli. Foleni ya kujaza ipo, sikatai, naenda usiku. Nawasilisha.

Wakala Kurasini

Niongeze la bandarini. Ukipata Leaf ya bei ya kutupa usishangilie. Gari lililozidi miaka kumi linabeba ushuru wa uchakavu, kwa hiyo weka mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha ushuru cha TRA kabla hujatuma hela.

Wanaouliza mbona Addis Ababa magari ya umeme ya Kichina yamejaa: Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya mafuta mwaka 2024, halafu usukani wao uko kushoto, sawa na China. Wanachukua moja kwa moja kutoka soko la kule. Sisi usukani kulia, kwa hiyo used yetu ni Japani, na mwendo wetu ni wa Japani.

Fundi Tabata

Wakala umemaliza. Gesi Kwanza, umeme ukikatika usiku mmoja gari halifi, lina chaji ya jana.

Dada, kuhusu Leaf. Betri yake haina maji ya kupoza kama rejeta, inapozwa na upepo tu, na joto ndilo linaloimaliza. Kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha ya dashibodi gari likiwa limejaa chaji. Usisome kilomita linazosema zimebaki, zile zinadanganya kulingana na alivyoendesha wa mwisho. Tazama pembeni kulia, kuna vimistari vidogo vya uzima wa betri, vikiwa kamili ni 12. Vikiwa 8 au 9 achana nayo hata akupunguzie. Ukiweza pata ile ya betri ya yuniti 40 (kWh), zilianza mwishoni mwa 2017.

Gharama: LUKU ya elfu kumi ni kama yuniti 28, inajaza ile betri ndogo ya yuniti 24 na chenji inabaki. Na foleni ya Mwenge haikuumizi, ukisimama motor imesimama, inakula AC tu. Umejenga au umepanga?

Binti wa Goba

Nimepanga fundi. Na LUKU tunachangia wapangaji wanne 🙈

Fundi Tabata

Basi kabla ya Japani anza na mwenye nyumba. Akufungie mita yako na waya mnene mpaka unapopaki, si ekstensheni ya kupitisha dirishani. Akigoma, agiza Aqua, betri ikichoka unajua nilipo.