Mrejesho: Pochi niliyoipoteza Tokyo imepatikana

Wakuu, nimerudi kuwashukuru. Wiki iliyopita niliuliza nifanyeje baada ya kusahau pochi kwenye treni ya Yamanote, ikiwa na yeni 38,000, kadi ya benki na kadi yangu ya ukaazi. Mkaniambia nisikae ndani nalia, niende koban, kile kituo kidogo cha polisi cha mtaani.

Nilienda usiku uleule. Askari aliniuliza kila kitu, mpaka rangi ya uzi wa pochi! Tukajaza fomu, akanipa namba ya taarifa. Siku ya nne nikapigiwa simu: ipo. Hela zote zimo, hata sarafu. Machozi yalinitoka pale kaunta.

Sheria ya huku inampa aliyeokota haki ya kudai asilimia 5 hadi 20 ya thamani, lakini huyu hakutaka chochote, wala jina lake lijulikane. Natamani ningemshika mkono. Na polisi hutunza vitu miezi 3, kwa hiyo aliyepoteza majuzi asikate tamaa.

Dada uliyenisisitiza nifunge kadi ya benki kwanza, Mungu akubariki. Niliifunga, nasubiri mpya.