Tupeane uzoefu: unasimamaje ukichekwa au kupingwa kwa ajili ya imani?

Mwanzisha mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Uzi huu ni wa wale walio mahali ambapo kusali, kukataa rushwa au kukiri jina la Yesu kunaleta kejeli. Kuomba tunaomba, hilo halina mjadala. Ila tupeane na mambo ya kutenda: ujibu nini, unyamaze lini, nini huharibika na kwa nini.

Naanza na lile ambalo wengi hulipita. Kabla ya kujitetea, chunguza unachekewa nini. 1 Petro 4:15-16 inatenganisha anayeteswa kwa kuwa ni Mkristo na anayeteswa kwa uovu wake au kwa kujiingiza katika mambo ya watu. Anayechelewa kurudi kazini kwa sababu ya maombi ya mchana akisemwa, anasemwa kwa uchelewaji. Anayetoa maoni juu ya mavazi ya wenzake akichukiwa, asijiite mfia imani. Andika maneno yenyewe yaliyosemwa, usiandike jinsi yalivyokuuma. Penye ukweli rekebisha, uombe radhi bila kuongeza "lakini". Kitakachobaki ndicho cha kuvumilia kwa ajili ya Kristo.

Nuru ya Asubuhi
Amina, mtumishi. Kwa sisi tunaolea vijana: wengi hushindwa sekunde zile za kwanza, na si kwa kukosa imani. Hawana maneno. Kutunga jibu huku darasa zima linacheka ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima.

Waandalieni sentensi tatu, wazizoee midomoni. Ya kukataa: "Hilo sifanyi, mimi namfuata Yesu." Ya kueleza: "Ukitaka kujua sababu, tukae baadaye nikueleze." Ya kufunga: "Nimekusikia. Tuendelee na kazi." Kijana mmoja aigize mdhihaki, mwingine ajibu, kisha wabadilishane. Mkazanie sauti ya kawaida na jibu fupi, maana kila sentensi ya ziada inampa mdhihaki pa kushika.

Wafundisheni pia kutambua swali la kweli. Toa jibu moja fupi, halafu tazama. Mwenye kiu atauliza la pili linalotokana na jibu lako. Mwenye dhihaka ataruka kwenye jambo jingine, au atawageukia wanaosikiliza. Wa kwanza mpe muda, tena faragha. Wa pili mwache. Ndiyo maana Mithali 26:4 na 26:5 zimekaa pamoja, moja ikikataza kumjibu mpumbavu na nyingine ikiagiza ajibiwe: inategemea jibu lako litazaa nini. Usipojua, sema hujui, tafuta, urudi na jibu. Kubuni jibu kunaharibu ushuhuda kuliko kukiri kwamba hujui.

Karani Mwaminifu
Kwa walio maofisini, someni Danieli sura ya 1 taratibu, maana hatua zote zimo. Akiwa mateka Babeli, Danieli aliazimu moyoni kutokula chakula cha mfalme kabla sahani haijafika. Hatusomi kwamba aligombania jina jipya walilompa. Mpaka wake aliuweka kwenye chakula. Aliomba, hakufoka. Mkuu wa matowashi alipoonyesha hofu ya kukatwa kichwa, Danieli hakuidharau hofu ile, bali alimwendea msimamizi na pendekezo linalopimika: siku 10, mboga na maji, kisha watazamwe.

Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Ongea na msimamizi mapema, mkiwa wawili, juu ya jambo moja tu, ukiwa na mbadala mkononi. Ukiomba kubadilishiwa zamu ya siku ya ibada, nenda ukiwa umeshapata wa kubadilishana naye, na ratiba haijatoka. Anayesubiri ratiba ibandikwe ndipo alalamike humtwisha bosi mzigo, na chuki huanzia hapo.

Kusaini takwimu za uongo hakuna nusu njia. Sema: "Hizi siwezi kusaini. Nipe muda niandae zilizo sahihi, hizo nitasaini." Kisha andika tarehe, maneno yaliyotumika na waliokuwepo. Usiseme "safari hii tu", kwa sababu saini ya kwanza ndiyo watakayokutishia nayo ukikataa ya pili.

Mberoya
Naomba nitofautiane na wanaofundisha kwamba kudai haki ni kukosa imani. Paulo alipopigwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa kwa siri na kuwataka wakuu waje wenyewe (Matendo 16:37). Baadaye, karibu kupigwa mijeledi, alitaja uraia wake wa Rumi (22:25). Kama kuna utaratibu wa malalamiko, ufuate. Usimlaani mtu, usitie chumvi.

Kuhusu picha za kejeli kwenye makundi ya simu: si jambo jipya. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, kuna mchoro wa kale uliokwaruzwa ukutani: mtu ameinua mkono mbele ya aliyetundikwa msalabani mwenye kichwa cha punda, na maneno "Alexamenos anamwabudu Mungu". Katika chumba cha jirani yakakutwa maandishi mengine, "Alexamenos mwaminifu". Picha ya namna hiyo ikija, usiisambaze hata kwa nia ya kulalamika, maana unamsaidia aliyeichora. Na usijibu usiku ukiwa na hasira.

Mama Neema
Nyumbani ndiko kugumu zaidi, ndugu zangu, kwa sababu hakuna saa ya kutoka kazini. Mwenzi asiyeamini havutwi kwa mahubiri ya kila siku. 1 Petro 3:1 inasema anaweza kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo. Mjulishe mapema saa za ibada na saa ya kurudi, urudi saa hiyo. Usipeleke makosa yake kanisani kwa jina la "ombi la maombi". Akijua, atalichukia kanisa lote.

Kipigo ni habari nyingine. Ondoka, tafuta usalama, toa taarifa. Yesu mwenyewe alisema mkiteswa katika mji huu kimbilieni mwingine (Mathayo 10:23). Hata Polikapo, askofu wa kale wa Smirna, aliyekataa kumkana Kristo baada ya kumtumikia miaka 86, kwanza alikubali kujificha shambani.

Mzee wa Kanisa
Tusiwasahau waliokwisha kushindwa. Mwaka 250 Kaisari Decius aliagiza watu watoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti cha kuthibitisha hilo. Wakristo wengine walitoa sadaka, wengine walinunua cheti tu. Mwaka 251 maaskofu walikutana Karthago, Afrika Kaskazini, pamoja na Sipriani, askofu wa mji huo, wakaamua kila mtu apimwe kwa kadiri ya tendo lake. Hawakuwafungia mlango, wala hawakujifanya hakuna kilichotokea.

Mtu akija kwako amemkana Bwana mbele ya wenzake, msikilize faragha, usimtangaze madhabahuni. Muulize alishindwa mbele ya nani hasa, alisema nini. Ombeni. Kisha msaidie kurudi kwa watu wale wale na sentensi moja: "Siku ile nilisema simfuati Yesu. Niliogopa. Namfuata." Afanye hivyo mapema, kabla kimya hakijawa mazoea. Akihitaji mtu wa kumsindikiza hadi mlangoni, nenda naye.