Mada: Nambari za Kihispania zinanishinda, nisaidieni

Dada wa Donholm aliandika:

Hamjambo, wakubwa kwa wadogo. Nimepata kazi ya kutunza wazee Valencia, naondoka mwezi ujao. Salamu nimeshazimudu, ila nambari! Nikihesabu kwa mfuatano nafika mia bila shida, lakini mtu akinitajia bei ghafla nabaki kinywa wazi. Nyinyi mlianzaje?

Kaka wa Rongai (niliishi Uhispania miaka tisa) alijibu:

Hongera, dada. Kwanza usipitie Kiingereza, Kiswahili kiko karibu zaidi. Sisi husema arobaini na sita, wao cuarenta y seis. Hiyo y ndiyo "na" yetu, ila hukaa kati ya makumi na mamoja tu, kuanzia 31 hadi 99. Baada ya mia haipo: 105 ni ciento cinco. 16 hadi 29 huandikwa neno moja, dieciséis, veintitrés. 11 hadi 15 kariri tu, hazina ujanja: once, doce, trece, catorce, quince. Na sehemu kubwa ya Uhispania, c ya doce na cinco hutamkwa kama th ya thelathini, kwa hiyo ulimi wako uko tayari.

Kuhesabu kwa mfuatano ndiko kunakokuponza. Mimi nilijifunzia stejini. Kila matatu ikipita naitaja ruti yake: 23 ya Kangemi, veintitrés, 58 ya Buruburu, cincuenta y ocho, 111 ya Ngong, ciento once. Konda akidai mbao, yaani shilingi ishirini, jibu veinte, lakini moyoni. Siku niliyoitamka kwa sauti aliniuliza kama namlipa au namtukana.

Mitego ipo. Mil si mia, ni elfu; mia ni cien. Sesenta ni sitini na setenta ni sabini: ya kwanza ina s ya seis, ya pili ina t ya siete. Kwenye tangazo la nyumba ukiona 1.200, hiyo ni elfu moja na mia mbili, kwa sababu nukta yao hutenga maelfu. Koma ndiyo ya senti: 3,50 ni euro tatu na nusu.

Sasa saa, na hapa nililia. Wiki ya kwanza bosi alisema a las siete. Kichwani siete ikawa saba, saba ikawa saa saba, nikala chakula cha mchana taratibu kisha nikaenda. Alikuwa amenisubiri tangu saa moja asubuhi! Saa yao haianzi kuhesabiwa alfajiri kama yetu. Siete ni saa moja, na la una ni saa saba. Ukisikia saa, usitafsiri nambari; angalia mkono mfupi wa saa ya ukutani unapoelekea, kisha sema Kiswahili chako.

Dakika lakini ni zetu kabisa. Y media ni na nusu, y cuarto ni na robo, na menos cuarto ni kasorobo. Las ocho menos cuarto, saa mbili kasorobo. Mwalimu wangu alishangaa nilivyoishika siku hiyo hiyo.

Mama wa Madrid, niko likizo South B:

Kaka amemaliza. Mimi naongeza moja: wakikwambia quince días, wanamaanisha wiki mbili, ingawa ukihesabu ni siku kumi na nne. Usibishane nao. Na saba yao ya mkono ina kistari katikati. Isiyo na kistari wanaweza kuidhani moja, kwa hiyo andika nambari yako ya simu kama wao.

Dada wa Donholm:

Asanteni sana. Basi familia itanipigia kesho a las cinco de la tarde, kwa saa za kwao. Hiyo ni saa kumi na moja jioni, sivyo?

Kaka wa Rongai:

Kwao, ndiyo. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba sisi tuko mbele kwa saa moja. Miezi mingine, kwa saa mbili. Sasa ni Julai, kwa hiyo kaa na simu saa kumi na mbili. Na uichaji mapema, Donholm stima hupotea jioni.

Dada wa Donholm:

Las seis hapa. Nimeshika.