Tupeane uzoefu: wazee na vijana, nani anajianika zaidi mtandaoni?

Wakuu habari za wikiendi. Kila siku nasikia vijana ndo wanaanika maisha yao, mi naona kila mtu anaanika ila kila mtu ana wa kumficha. Mdogo wangu yupo chuo Nyegezi, anaposti mpaka sato anayekula, ila status kaificha ukoo mzima, hata mama haoni kitu. Mzee sasa, picha ya mjukuu haitoki, anasema macho ya watu, halafu juzi kwenye grupu la ukoo karusha kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma eti katibu anaandika orodha ya mfuko wa misiba. Grupu lenyewe nusu ya watu siwajui. Na ile namba tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka mwezi siku. Kwenu ikoje?

Mdau wa Kirumba:
Kama mayu (mama yangu) kabisa. Ukimpiga picha mwaloni na magunia yake ya dagaa anafoka, hataki ijulikane ana mzigo. Ila akipigiwa na "huduma kwa wateja" anajibu kila kitu, jina, anapokaa, siku ile kidogo ataje na namba ya siri nikamnyang'anya simu. Tukapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, kuna mbili hazijui kabisa.

Mdau wa Igoma:
Msiwasakame wazee tu. Dogo wa ofisini kwetu aliaga anaumwa, mchana washkaji wakamtagi yupo darajani Kigongo-Busisi kanyoosha vidole viwili. Yeye hakuposti chochote, makini kweli kweli, wenzake ndo wakamuanika. Na bosi hana hata akaunti, kaonyeshwa na binti yake 😂

Mdau wa Ukerewe:
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, tume nayo ipo, ila kwa grupu la ukoo nani atamshtaki baba mkubwa? Wetu naye alirusha kitambulisho, mi nilimwambia tu afute ile picha, akaifuta kwake peke yake, kwetu bado ipo.

Mleta mada:
Wa Kirumba, hizo laini mbili mlizifanyaje?

Mdau wa Kirumba:
Nilimpeleka dukani kwa mtandao husika, lazima awepo mwenyewe maana wanataka dole lake. Nenda asubuhi, foleni ya mchana pale mjini utajuta.