Lulu za msibani: desturi au mapambo?

BintiLangoni, Lamu:
Assalaam aleikum. Nilipotazama mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2022, nilimwona Catherine, mke wa mjukuu wake William, amevaa kidani cha lulu cha nyuzi nne na vipuli vya lulu, ilhali huku kwetu mke aliyefiwa huvua dhahabu yote mpaka eda imalizike. Je, kwao si aibu kujipamba msibani?

MwanaSonara:
Waaleikum salaam, dada. Si aibu. Malkia Victoria alivaa nyeusi tangu mumewe alipofariki mwaka 1861 hadi yeye mwenyewe alipokufa mwaka 1901, na lulu zikahesabiwa kuwa pambo la kilio kwa kuwa hazimetimeti kama almasi. Kidani hicho kilikuwa cha marehemu Malkia Elizabeth mwenyewe, kimetungwa kwa lulu za Japani. Diana, mamake William, alikiazima mwaka 1982, na Catherine alikwisha kukivaa kwenye mazishi ya Philip, mume wa Malkia Elizabeth, mwaka 2021. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kumbukumbu zaidi kuliko urembo, ingawa kile kifungo cha almasi katikati ya koo, kwa jicho la sonara, kinametameta vya kutosha!

MamaMkomani:
Na vile vipuli ni lulu za Bahrain, tunu ya harusi ya Malkia ya mwaka 1947. Marehemu nyanya yangu alikuwa na punje moja ya lulu ya Ghuba, ya manjano kidogo, aliyoifunga kwenye pindo la leso. Alipokaa eda, hata hiyo alimkabidhi dadake.

BintiLangoni:
Ahsanteni. Sasa nimeelewa.