Hawa jamaa wa "kasi mara kumi" wamenivua nguo mbele ya wafadhili

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Sitaji jina, mnawajua: wale wa programu ya uchambuzi wa data waliotoa toleo jipya juzi kwa mbwembwe. Kasi mara kumi! Panga ukurasa upendavyo! Nimesasisha jana usiku, leo asubuhi nimekaa na wafadhili, projekta inawaka, nabofya mkoa wa Lindi. Kiduara kikaanza kuzunguka. Chai ikapoa, maandazi yakaisha, watoto wakazaliwa wakaanza shule, kiduara kinazunguka. Kisha ukutani, herufi kubwa kama tangazo la msiba: KUMBUKUMBU HAITOSHI.

Mbele ya wafadhili!

Toleo la zamani lilisoma data kidogo kidogo kutoka kwenye diski, likikohoa lakini likifika. Hili linapakia jedwali zima kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo kasi yao hiyo. Nina mistari laki nane, safu 60, laptop ya ofisi ina GB 4. Nani kawaambia kila ofisi ina GB 32? Na 03/04 imegeuka Machi 4, wakati sisi ni Aprili 3 tangu tuzaliwe. Nimewaandikia, jibu: "Ongeza RAM." Kumbukumbu haitoshi, ukutani, mkurugenzi ananitazama!

Fundi Jedwali: Mkuu, GB 4 zama hizi? Angalia pia usije ukawa umeweka toleo la biti 32, lile la mtindo wa zamani, badala ya la biti 64. Hilo hata uongeze RAM hadi 16, halivuki GB 4.

Mleta uzi: Ni biti 64! Mbele ya wafadhili, ndugu yangu!

Mama Ripoti: Nani anasasisha programu usiku wa kuamkia kikao? Umejitakia.

Mzawa wa Tandika: Shukuru yako imesema kwamba imeshindwa. Uingereza mwaka 2020, faili za Excel za mtindo wa zamani, zinazoishia mstari wa 65,536, ziliacha nje kimya kimya wagonjwa wa korona karibu 16,000.

Mama Ripoti: Mimi sasisho hilo limekula bando la wiki nzima. Limefika asilimia 98, umeme ukakatika, likaanza upya.

Fundi Jedwali: Bando la wiki linafika wiki? Langu linakufa siku ya pili na sijagusa video.

Mzawa wa Tandika: Ukipiga huduma kwa wateja, muziki tu dakika 20.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye programu.

Mama Ripoti: Huo muziki naujua! Uko mtandao gani, Mzawa?